Fishi ya anteni: fasi ya kuweka makuta na fasi ya kupunguza

Bandugu, tuongee juu ya kitu kidogo chenye kinanyamazishaga redio mingi: fishi ya kable ya anteni. Wenye banatumika mu vijiji vyenye havina rezo banajua foni, ile redio ya mawimbi mafupi yenye parokia, hospitali na mashirika banaongeleaga na mji. Baradioamateri ba Kongo, wenye majina yao ya hewani inaanzaga na 9Q, banatumia kable na fishi za namna ile ile. Mwenye anataka kuanza anaulizaga: ninunue ya bei ya chini ao ya bei kali? Jibu langu: usianzie ku bei. Anzia ku fasi yenye fishi itakaa.

Kwanza majina, juu muuzishaji anaweza kukupatia yoyote. PL-259 ni ile kubwa ya kukaza kwa kuzungusha. Foni mingi iko nayo. BNC unaisukuma, unaizungusha kidogo, inashika. N iko na pete ya mpira ndani ya kuzuia maji. SMA ni ile kadogo ya tokiwoki. F ni ya televizyo ya satelite: kable yake ni ya ohm 75, na redio zetu ni za ohm 50. Usilazimishe F ku redio ya kutuma.

Watu banasemaga PL-259 ni mbaya, juu ohm yake haitulii. Ni kweli kwa mawimbi ya juu sana. Lakini foni inatumika chini ya megahezi 30, na pale hautaona tofauti. Ku megahezi 145 bado inafaa. Ukipita 400, njo N inastahili bei yake. Na uangalie kable pia: ku megahezi 145, metre 20 za RG-58 zinakula zaidi ya nusu ya nguvu. Hata fishi ya dhahabu haitakurudishia ile.

Sasa fasi tatu.

Inje. Mvua ya kwetu inaendaga tangu mwezi wa 10 ao wa 11 mpaka mwezi wa 4. Maji ikiingia ku fishi, inatembea mu nyuzi za shaba sawa mafuta mu utambi wa taa. Kukausha fishi haitoshi. Kipande cha kable kilishaharibika, unakata. Pale usipunguze makuta. Weka fishi nzuri, uisude vizuri, uifunge na skochi ya mpira yenye inajishika yenyewe, juu yake skochi nyeusi ya umeme. Kable ishuke kidogo mbele ya kuingia mu nyumba, ili maji idondoke pale chini.

Fasi ya mikono. Ni fishi yenye unafungua na kufunga kila siku. SMA ya kawaida imefanyiwa kufungwa mara 500 hivi. Weka adapta ya BNC ku tokiwoki, uiache pale. Mikono ichokeshe BNC.

Ndani. Fishi yenye haipati mvua, haiguswi. Hapa ya bei ya chini inatosha, kama inapita majaribio.

Majaribio yenyewe haina bei. Leta sumaku ndogo ku soko: ikishika ganda kwa nguvu, ndani ni chuma, si shaba nyeupe wala ya njano, na itapata kutu. Angalia plastiki ya katikati: teflon inavumilia joto ya digri zaidi ya 300, lakini plastiki ya ovyo inayeyuka mbele eteni ishike, na pini ya kati inahama. Kwa hiyo nunua moja, uisude, ndiyo urudie zingine. Uliza pia kipunguzi: PL-259 ilifanyiwa kable nene ya milimita 10, na RG-58 iko na milimita 5. Kipunguzi chake kinaitwa UG-175. Bila hicho, kable inaninginia ku eteni tu, na siku moja itakatika.

Mwisho, multimeta. Kable isiwe imeunganishwa fasi yoyote. Kati na ganda: isilie. Kati ya mwisho huu na kati ya mwisho ule: ilie. Tikisa fishi wakati unapima. Kama sauti inakatika-katika, usude upya. Fanya ile mbele anteni ipande ku mti, juu kupanda tena mu mvua ni kazi ya hatari.

Sisi wa kilimo tunajua: mbegu ya bei ya chini inaweza kukupotezea musimu mzima. Ku foni, fishi inaweza kupotezea kijiji saa yenye mama anahitaji gari ya hospitali. Na mbele ya kutuma hewani, uombe ruhusa ku ARPTC. Redio ya radioamateri haiko ya biashara; foni ya koperativa iko na ruhusa yake.

Mwenye iko na fishi ku meza, aanze na sumaku leo.