Landilodi amepandisha kodi ya keja? Usihame wala kugoma kabla ya kusoma hii

Kijana wa Sotik, huenda ujumbe ulikupata stejini ukingoja abiria wa Kaplong, au ndio ulikuwa unatoka shambani kuchuma chai, mgongo unauma. "Kuanzia tarehe moja kodi ni 2,900. Maji na taka 300. Asante." Mwezi uliopita ulikuwa unalipa 2,300, maji yakiwa ndani. Hakuna barua, hakuna maelezo. Tarehe moja yenyewe ni kesho kutwa.

Hesabu haraka: kutoka 2,300 hadi 3,200 ni nyongeza ya Sh900, karibu asilimia 40. Wewe mshahara wako haujaongezwa hata shilingi.

Hapa wengi wetu hukosea kwa njia mbili. Kuna anayelipa kimya kimya, kisha anakula ugali kwa chumvi mwezi mzima. Na kuna yule wa "silipi kitu, tuonane." Huyu wa pili ndiye huamka akikuta dalali mlangoni, kwa sababu sheria ya Kenya inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji mwenye deni la kodi. Basi neno la kwanza ni hili: endelea kulipa kodi ya zamani kwa wakati, kwa M-Pesa au kwa risiti, huku ukiuliza maswali.

Tenganisha kodi na huduma

Kodi ni malipo ya chumba. Maji, taka, taa za nje, mlinzi wa usiku na gari la kunyonya choo ni huduma. Huduma ni gharama ya pamoja mnayogawana, kwa hivyo inaweza kuhesabiwa. Ploti ikiwa na vyumba 12 na kila mmoja atoe Sh300, zinakusanywa Sh3,600 kwa mwezi. Uliza kwa adabu: bili ya maji ilikuja ngapi? Wa taka analipwa ngapi? Ukionyeshwa karatasi za Sh3,500, mzee hajakuonea. Lakini kama maji ni ya mvua kutoka kwenye paa na taka mnachoma wenyewe nyuma ya choo, hiyo 300 ni kodi iliyovalishwa jina lingine.

Atakwambia pia kuhusu serikali: "ushuru umepanda." Hapo umsikilize, lakini ukiwa na kalamu. Mwenye nyumba anayekusanya kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka hutozwa ushuru wa mapato ya kodi za makazi. Kiwango hicho kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5 tangu Januari 2024. Kwa ploti yetu ya vyumba 12 vya Sh2,300, mapato ni Sh331,200 kwa mwaka, na ushuru ni Sh24,840. Ukigawa, ni kama Sh173 kwa kila chumba kwa mwezi. Na ni ushuru wa mapato yake, si wako. Hauwezi kueleza nyongeza ya Sh900.

Namba 2,500 ina maana

Kuna sheria ya zamani ambayo vijana wengi hawaijui: Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nairobi watu huicheka namba hiyo, maana huko hata kibanda cha mabati kinaweza kuipita. Lakini katika mji mdogo kama wetu, singo nyingi bado ziko hapo hapo.

Chumba chako kikiwa chini ya sheria hii, kodi haipandishwi kiholela na huwezi kutolewa bila amri. Kuna jopo maalum lenye mamlaka ya kukadiria kodi ya kawaida ya nyumba na kusikiza malalamiko ya pande zote mbili. Sasa tazama tena ule ujumbe: kutoka 2,300 hadi 2,900. Nyongeza hiyo inaruka juu ya mstari wa 2,500. Usikubali kwamba ulinzi umeisha kwa sababu tu ya SMS. Swali la kodi ya kawaida ni ngapi linaamuliwa na jopo, halijibiwi na simu ya mtu.

Je, tayari unalipa zaidi ya 2,500? Basi unategemea makubaliano yenu. Kama mna karatasi, isome inasema nini kuhusu nyongeza. Kama hamna, na unalipa kila mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi ya kuvunja upangaji isipungue mwezi mmoja. Kwa hivyo "lipa mpya kesho ama utoke" haina miguu. Una angalau mwezi wa kujadiliana au kutafuta kwingine.

Wewe mwenye kinyozi ama duka

Kama umekodi chumba cha biashara, sheria yako ni Sura ya 301. Ikiwa hamkuandikiana, au mliandikiana kwa muda usiozidi miaka mitano, mwenye jengo lazima akupe notisi rasmi ya miezi miwili kabla ya kupandisha kodi. SMS si notisi hiyo. Ukipewa ile rasmi na hukubali, peleka malalamiko kwa jopo la kodi za biashara kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukilala, nyongeza inapita.

Na nyumba za kampuni?

Waliokulia kwenye laini za majani chai wanajua nyumba huja na kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe nyumba inayofaa au pesa za kutosha za kodi juu ya mshahara. Lakini Sura ya 296 haigusi nyumba hizo. Kazi ikiisha, nyumba nayo huisha. Ndiyo maana anayetoka laini kuja mjini kupanga kwa mara ya kwanza hujikuta hajui hata kuomba risiti.

Ufanye nini wiki hii

Mjibu mzee kwa maandishi, kwa heshima: "Nimepata ujumbe wako. Naomba mchanganuo wa nyongeza na notisi ya mwezi mmoja." Hifadhi kila SMS na kila risiti, na ile ya diposti pia. Zungumza na majirani, muende pamoja. Wapangaji 12 husikizwa kuliko mmoja. Mkishindwa kuelewana, chifu anaweza kuwapatanisha, na Mahakama ya Sotik haiko mbali.

Halafu kuwa tayari kukubali kitu. Mwenye ploti naye hununua simiti na mabati kwa bei ya leo. Ukimwambia "nitaongeza 200, na maji tulipe kwa bili," umempa njia ya kurudi nyuma bila aibu. Wengi wao ni watu wa hapa hapa, mtakutana tena sokoni.