Kiswahili Chuoni: Miaka Mitatu Yatosha Nini?

Kila mwaka wa masomo unapoanza huwauliza wanafunzi wapya kwa nini wamejiunga na Kiswahili. Wachache hujibu kwamba walichagua. Wengi husema bila kuficha kwamba walipangwa: waliomba sheria, uchumi au udaktari, wakajikuta katika lugha. Makala haya yanawalenga hao hasa, maana ndio wanaoweza kumaliza masomo wakiwa bado wanasubiri kuanza.

Muda wenyewe umepungua. Zamani mwanafunzi alikaa chuoni miaka minne, miwili ya kandidati na miwili ya lisansi. Chini ya mfumo wa BMD shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Ukitoa majuma ya mitihani na siku ambazo masomo hukatika, hubaki muda mfupi wa kujijenga. Kwa hiyo ni vyema mwaka wa kwanza usiishe kabla hujajua unaelekea wapi: ualimu, tafsiri, utangazaji au utafiti.

Habari za kutia moyo hazikosekani. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Hata hivyo, matangazo hayo hayamwajiri mtu. Anayeajiri atauliza unaweza kufanya nini ambacho mhitimu wa Dar es Salaam au Nairobi hawezi.

Jibu tunalo, ila tunalidharau. Sisi tunaijua Kirundi. Chukua kosa la kawaida katika insha zetu: mwanafunzi anaandika "kurara" badala ya "kulala". Mwalimu mgeni ataweka alama nyekundu tu. Wewe unajua kwamba Kirundi haitofautishi /l/ na /r/, hivyo unaweza kutunga mazoezi yanayoliondoa kosa. Vivyo hivyo kwa "gusoma": katika Kirundi ku- hugeuka gu- mbele ya konsonanti isiyo ghuna, ndiyo maana tuna "gusoma" na "gukora" lakini "kurima" na "kugura". Kisha kuna maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana. Mrundi akisema "guteka" yuko jikoni anapika. Mswahili akisikia "kuteka" anafikiria kisima, au watekaji nyara! Anayekusanya mifano ya namna hii kwa miaka mitatu, katika daftari moja lenye tarehe na mahali alipoisikia, anatoka na mali ambayo shule zetu za msingi, zinazofundisha Kiswahili, zinaihitaji sana.

Mali ya pili iko Buyenzi, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani, si ya darasani. Lakini wanafunzi wetu wengi hawaendi, na sababu tunaijua hata kama hatuitaji: baadhi ya watu, wakizungumza Kirundi, bado hutumia neno "umuswahili" kwa maana ya mjanja au mwongo. Mwanafunzi anayeionea haya jamii ya lugha anayoisomea atawezaje kuifundisha? Nenda ukasikilize. Utakuta msamiati wa biashara na mpira usiomo katika kamusi. Ukifika Uvira, utasikia "katoto" na "tutoto" pale usanifu unapotaka "kitoto" na "vitoto", na utaona mara moja udugu wake na aka- na utu- za Kirundi.

Hapo ndipo tasnifu inapoingia, na kwa maoni yangu ndiyo nafasi inayopotezwa zaidi. Tunapokea mada zilezile kuhusu riwaya zilezile, ambazo zimechambuliwa Tanzania na Kenya mara nyingi. Nilipokuwa nikisomea uzamili huko, wenzangu walinizidi kwa methali na misemo, lakini walipouliza kuhusu Kiswahili cha Bujumbura mezani hapakuwa na kitabu cha kuwaonyesha. Pengo hilo linaweza kuzibwa na mwanafunzi mwenye kinasa sauti cha simu na ruhusa ya wazungumzaji wake. Kwa usomaji wa awali, jarida la Swahili Forum linapatikana bure kwenye intaneti.

Mambo mengine ni madogo: kuiga habari za Kiswahili za Redio ya Taifa kwa sauti, kumtafsiria jirani barua, kusoma ukurasa mmoja kila siku.

Wanaotaka kujadili mada kabla ya kuiandika rasmi waje na daftari, hata kama lina kurasa tano tu. Atakayekuja mikono mitupu nitamwambia aanzie Buyenzi.