Watoto wa Dodoma wajue waandishi wa kwao

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya vitabu nilivyoazima maktaba katika miezi ya karibuni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Si mhakiki wa fasihi, ni msomaji tu. Kila ninapokwenda Dodoma mjini kwa shughuli za shule hupitia maktaba, nikarudi na kitabu mkobani. Kwa hiyo wataalamu wanisamehe nikiyasema mambo kama ninavyoyaona.

Nianze na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960. Hiki niliwasomea wanafunzi wa darasa la sita kidogo kidogo, dakika chache mwisho wa kipindi. Watoto ambao siku zote husikiliza kengele kuliko mwalimu waligoma kutoka. Na mimi nawaelewa. Mtu ameuawa, watu wanatetemeka wakidhani ni kazi ya mizimu, lakini Bwana Msa na kiko chake anatazama, anauliza, anapima, mpaka ukweli unatoka. Katika nchi ambayo bado bibi kizee mwenye macho mekundu huweza kusingiziwa uchawi, kumbe macho yameharibiwa na moshi wa kuni, hicho si kitabu cha kupotezea wakati. Ni somo la kufikiri. Maneno ya Kiunguja yaliwatatiza watoto mara kwa mara, tukawa tunakisia maana pamoja. Hilo silioni kuwa kasoro, maana lugha hukua hivyo.

Kitabu cha pili ni Utubora Mkulima cha marehemu Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo chake. Utubora anaacha kazi yake ya mjini na kwenda kulima Busutamu. Lugha ni tamu, na heshima anayopewa mkulima humo inatia moyo. Lakini nilipokisoma nilitamani Utubora angepewa shamba Ugogo walau kwa msimu mmoja. Huku mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili ikipenda. Mkulima wetu hupanda uwele, ukakauka, akapanda tena. Ningependa kujua Utubora angesema nini siku ya kupanda mara ya tatu. Simkosoi Shaaban Robert, aliandika aliyotaka kuandika. Nasema tu kwamba mkulima wa kwetu anahitaji pia kitabu chenye jua la kwetu.

Kitabu cha tatu ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, ikatoka mwaka 2022. Namshukuru sana mfasiri, kwa kuwa Kiingereza cha riwaya kingenichosha. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara tajiri ili kufidia deni, kisha anachukuliwa katika msafara wa biashara kwenda bara. Mwandishi hampendelei mtu. Mwarabu, Mhindi, Mzungu na Mwafrika, kila mmoja anatazamwa machoni.

Lakini nikiwa msomaji wa huku, kila msafara unapotajwa mimi huwaza Ugogo. Karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hii kavu, na ilibidi iwalipe watemi hongo ndipo ipate maji na chakula. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia hongo hiyo katika vitabu vyao kana kwamba ni unyang'anyi. Hebu tujiulize: msafara wa mamia ya watu ukifika kwenye kisima cha kijiji wakati wa kiangazi, nani mwenye haki ya kulalamika? Swali hilo hulipati kwa msafiri. Hulipata kwa mwenye kisima.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo nilipolazimika kumtafuta mwenye kisima, na nikamkuta. Ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Alizaliwa katika miaka ya njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya, pale majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalipokwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nayo ikakatika. Mtoto wa miaka hiyo alikua akawa mtumishi wa serikali, hakimu na mshairi. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Kinaeleza koo na asili zake, watemi, na mila za watu wetu. Mahali pengine anaandika kama hakimu anayekata shauri, na wanahistoria wa leo wana la kuongeza. Lakini aliwaandikia watu wake kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi wa walioandika habari za Wagogo walikuwa wageni.

Kazi yake nyingine ni Ngonjera za UKUTA. UKUTA ni chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na Mnyampala alikuwa mmoja wa viongozi wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aliandika mashairi ya kujibizana ili siasa ya nchi ieleweke kwa watu wa kawaida. Nikisema kweli, kuyasoma mfululizo peke yako kitini kunachosha. Ngonjera haikuandikwa isomwe kimya. Inataka uwanja, vumbi, na watoto wawili waliosimama wakikabiliana, mmoja hajui na mwingine anamfundisha.

Na hapa ndipo kuna jambo linaloniuma. Nenda shule yoyote ya msingi siku ya mahafali ya darasa la saba. Utawasikia watoto wakighani ngonjera mbele ya mgeni rasmi, wazazi wakipiga vigelegele. Niliwauliza wanafunzi wangu, ambao ngonjera huziweza sana, ni nani aliyezipa ngonjera umaarufu huu katika shule zetu. Hakuna aliyejua. Mmoja alijibu kwamba bila shaka ni mtu wa Dar es Salaam. Ihumwa ipo kando ya barabara kuu ya kwenda Morogoro, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Watoto hawa hupita hapo kila wanapokwenda mjini! Wakati huohuo, kile kitabu cha mwaka 1954 kilitafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Gregory Maddox, kikachapishwa Marekani mwaka 1995. Je, ni haki mwanafunzi wa Marekani amjue Mnyampala kuliko mtoto wa Chamwino?

Wala Mnyampala si peke yake. Nimesoma pia Shida, riwaya ya Ndyanao Balisidya iliyotoka mwaka 1975. Huyu ni mwanamke mwenye asili ya huku kwetu, aliyeandika riwaya wakati wanawake waandishi wa riwaya za Kiswahili walikuwa wa kuhesabika. Anaeleza habari za vijana wanaokimbilia mjini kwa shida, na shida ikawafuata hukohuko. Kwa maoni yangu mwisho wake unatulia upesi mno, kama riwaya nyingi za miaka ile ambazo dawa yake ilikuwa kurudi kijijini tu. Hata hivyo kijana wa leo anayeuza maji ya chupa kituo cha mabasi angejiona humo.

Kwa kupoza utamu huo nilisoma Gamba la Nyoka cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1979. Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa mtu wa Ukerewe, lakini habari ya wanakijiji kuhamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vipya inatuhusu sana. Huku tulikuwa na Operesheni Dodoma, mwaka 1970 na 1971. Wazee wa kijiji ninachofundisha wanaikumbuka vizuri. Wapo wanaoishukuru kwa ajili ya shule na kisima, na wapo ambao hadi leo wanataja boma waliloliacha. Niliposimulia kitabu hiki barazani, wazee walizungumza kwa muda mrefu kuliko mwandishi. Nasikitika kwamba maneno yao hayajaandikwa.

Sasa hoja yangu ni hii. Sisemi watoto wetu waache vitabu vya pwani au vya mataifa mengine. La hasha! Hao akina Bwana Msa na Yusuf nimewasifu mwenyewe. Lakini mtoto ambaye hajawahi kukutana na nchi yake kitabuni huamini kwamba vitabu ni mambo ya watu wengine, naye akimaliza mtihani huviweka chini moja kwa moja. Chuoni nilikosomea ualimu tulikariri majina ya vitabu na dhamira zake kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tulihitimu bila kuvifungua. Tusiwarithishe watoto ugonjwa huo.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wahusika wa elimu na wachapishaji wafikirie kuvichapa upya vitabu vya Mnyampala na Balisidya, kwa bei ambayo shule ya kijijini inaweza kuimudu. Pili, turudishe utaratibu wa vitabu kumfuata msomaji. Katika miaka ya 1970, wakati wa kisomo cha watu wazima, zilianzishwa maktaba za vijijini ili aliyejifunza kusoma asisahau. Hata sanduku moja la vitabu likizunguka kata kwa kata lingesaidia. Tatu, na hili halihitaji bajeti, walimu wenzangu tuwasomee watoto kwa sauti, dakika kumi tu kila siku. Na kabla ya mahafali yajayo, kabla hatujawapanga watoto wa ngonjera mbele ya mgeni rasmi, tuwatajie kwanza jina la Mathias Mnyampala wa Ihumwa.

Nawakaribisha wasomaji wengine, hasa wa Dodoma na Singida, waeleze nao wamesoma nini.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Chamwino, Dodoma.