Bugaluu zilifikaje Mazinde? Siri ya pamba za zamani zinazorudi leo

Kijana wa leo akisimama kituoni Mazinde kusubiri basi la Korogwe, amevaa suruali pana chini na viatu vya soli nene, anajiona katoka na kitu kipya kabisa. Babu anayemwangalia kutoka kwenye benchi la duka anacheka tu. "Kwani hiyo si bugaluu?"

Babu hajakosea. Ile suruali ilishapita hapa miaka ya 1970, ikaondoka, sasa imerudi. Lakini ilifikaje mara ya kwanza kwenye mji mdogo chini ya Milima ya Usambara, wakati Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni?

Kwa ufupi

- Mitindo ilifika kwa njia tatu: reli, sinema na fundi cherehani.
- Mshahara wa mkonge ndio uliolipia nguo nyingi.
- Nguo hizo zilizua ugomvi wa kitaifa, na walioumia zaidi walikuwa wanawake.

Mazinde ilijua nguo za mbali kabla ya reli

Mazinde, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Korogwe, haikuwa kijiji cha kujificha. Katika karne ya 19 Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri wa Usambara, aliweka makao yake hapa tambarare badala ya kukaa juu milimani kama wakubwa wengine wa ukoo wa Kilindi.

Sababu ilikuwa biashara. Misafara kati ya pwani na bara ilipita chini ya milima, ikibeba bunduki, baruti na vitambaa. Kitambaa kilichotafutwa sana kiliitwa marekani: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyoletwa na meli za wafanyabiashara wa Marekani hadi Zanzibar. Jina limebaki hadi leo. Aliyekuwa na nguo za kugawa alikuwa na watu nyuma yake, na Semboja alilijua hilo vizuri.

Kwa hiyo watu wa Mazinde walianza zamani kuvaa vitu vya mbali. Kilichobadilika baadaye ni nani aliyeweza kuvinunua.

Mkonge ulileta mshahara, mshahara ukaleta nguo

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge nchini. Inayosimuliwa ni kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905, kisha ikaendelea kupita Mazinde kuelekea Moshi. Tambarare lote chini ya Usambara likajaa mistari ya mkonge.

Mashamba hayo yalivuta watu kutoka kila upande wa nchi na hata nje yake. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Kazi ilikuwa ngumu: miiba, jua kali, na malipo kidogo. Lakini zilikuwa fedha taslimu, na kwa kijana asiye na mke wala shamba, nguo nzuri ilikuwa kitu cha kwanza kuonyesha kwamba ametoka kwao akafika mahali.

Wiki nzima mtu alivaa matambara ya kazini. Siku ya mapumziko alibadilika. Aliyeitwa kwa namba siku sita, siku ya saba alitaka aonekane mtu.

Sinema ndiyo iliyokuwa "simu" ya wakati huo

Wengi hawajui kwamba Usambara ina historia yake ya filamu. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri, milimani juu ya Korogwe, kulikuwa na makao ya mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham. Walipiga filamu zipatazo 35, kisha wakazizungusha kwa lori katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati.

Zilikuwa filamu za mafunzo: kilimo bora, afya, kuweka akiba. Hazikulenga kumfundisha mtu kuvaa. Filamu zilizofanya kazi hiyo zilikuja baadaye, kwenye majumba ya sinema ya mijini kama Majestic ya Tanga.

Huko watu waliona dunia nzima kwa tiketi moja. Kutoka India walikuja Raj Kapoor na Nargis katika *Awaara* ya 1951. Baadaye ikaja *Bobby* ya 1973, ambapo Dimple Kapadia alivaa blauzi za madoa na sketi fupi, na *Sholay* ya 1975. Kutoka kwa wazungu zikaja kaboi za Italia kama *Django* ya 1966. Bruce Lee akaingia na *Enter the Dragon* mwaka 1973. John Travolta naye akamaliza muongo kwa suti nyeupe ya *Saturday Night Fever*, 1977.

Ambao hawakufika sinema walikuwa na majarida ya hadithi za picha. Shujaa wao alikuwa Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye suti safi na kofia kichwani. Jarida moja lilipita mikono mingi hadi kurasa zikalegea.

Kumbuka, televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, lakini Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa hiyo anayerudi kutoka Tanga ameangalia filamu mpya alikuwa kama anayerudi na habari. Na habari yenyewe aliivaa mwilini.

Fundi ndiye aliyenakili

Kati ya picha ya Bombay na mguu wa kijana wa Mazinde alisimama mtu mmoja: fundi cherehani aliyekaa barazani mwa duka la vitambaa.

Fundi hakuwa na ramani ya nguo wala jarida la mitindo. Mteja alikuja na maelezo tu: "Ibane hapa, ichanue kuanzia gotini." Fundi alipima kwa futi, akachora kwa chaki, akakata.

Asiye na hela ya suruali mpya alikuwa na njia yake. Alipeleka suruali ya zamani yenye mguu mwembamba. Fundi alifumua mshono wa pembeni kuanzia gotini kushuka, akaingiza kipande cha pembetatu, akashona upya. Suruali ya jana ikawa bugaluu ya leo. Kitambaa cha kipande kikiwa na rangi tofauti, ndiyo sifa zaidi.

Jina lenyewe lilisafiri sana. *Boogaloo* ilikuwa muziki na dansi ya vijana wa New York miaka ya 1960. Na umbo la suruali ni la zamani kuliko dansi: mabaharia walivaa suruali pana chini tangu karne ya 19, kabla vijana wa Ulaya na Marekani hawajaifanya fasheni. Huku kwetu zikaongezwa raizoni, viatu vya soli ya kunyanyua, kola ndefu kama mabawa, na nywele za afro. Mfupi akawa mrefu, mrefu akainamia mlango.

Halafu serikali ikaingilia

Hapa ndipo mambo yalipokuwa mazito. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi zingepigwa vita Dar es Salaam, kwa hoja kwamba vinachafua utamaduni wa taifa.

Vijana wengine hawakusubiri hata Januari. Oktoba hiyo hiyo, Kariakoo, makundi yaliwavamia wanawake waliovaa sketi fupi, mengine yakiwafuata hadi kwenye mabasi. Polisi walilazimika kuingilia kati.

Barua zilimiminika magazetini, wengine wakiunga mkono, wengine wakipinga. Swali gumu lilikuwa hili: utamaduni ni upi hasa? Kwani suti na tai zilitoka kwa nani? Mbona sketi ya karani wa kike ndiyo inayovunja taifa, lakini suruali ya bosi wake haivunji?

Na kulikuwa na kituko kingine. Miaka hiyo hiyo, kampeni nyingine ya serikali iliwataka Wamaasai waache mavazi yao ya asili wavae "kisasa". Kwa hiyo msichana wa mjini aliambiwa amekuwa mzungu mno, na Mmaasai akaambiwa hajawa wa kisasa vya kutosha. Kwa watu wa Mazinde, wanaokutana na wafugaji hao sokoni na barabarani, hilo halihitaji maelezo marefu.

Zanzibar ilikuwa kali zaidi. Huko vijana wa miaka ya 1970 walisumbuliwa kwa bugaluu na sketi fupi. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Malawi ilifuata mwaka 1973.

Ukitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja. Wanaume nao walikatazwa, lakini waliovamiwa barabarani zaidi walikuwa wanawake. Na si hadithi ya zamani tu: mwaka 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwa madai kwamba hawajavaa vizuri. Fasheni hurudi, na tabia hiyo nayo hurudi isipokatazwa.

Nyuzi zilizopendeza ndizo ndugu wa zilizoua mkonge

Kuna jambo moja ambalo huenda hata waliovaa bugaluu Mazinde hawakuligundua.

Suruali za miaka hiyo zilipendwa kwa sababu zilikaa. Krimplini, terilini na tetroni hazikukunjamana ovyo. Ukipiga pasi ya mkaa mara moja, mstari wa mbele unakaa kama umechorwa kwa rula. Siri ni kwamba vitambaa hivyo havitoki shambani. Ni poliesta, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mafuta ya petroli.

Mafuta hayo hayo yakazaa nyuzi nyingine, polipropilini. Hizo zikaenda kwenye kamba na magunia. Zilikuwa nyepesi, za bei rahisi, hazikuoza kwa maji. Na kamba ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya mkonge duniani.

Matokeo? Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge na kuongoza dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki takriban tani 20,000. Mambo mengine yalichangia pia, yakiwemo uendeshaji baada ya sehemu kubwa ya mashamba kutaifishwa mwaka 1967. Lakini pigo la bei lilitokana sana na nyuzi za kiwandani.

Yaani kijana wa mashambani alivaa mguuni ndugu wa kitu kilichokuwa kinaua mshahara wake. Hakuwa na kosa. Alinunua kilichodumu.

Kutoka foleni hadi mitumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa shida nchi nzima. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, viwanda vilikosa vipuri, na watu walipanga foleni kupata kanga au mita chache za kitambaa. Mitindo ikasimama. Nani anawaza kola wakati hana shati?

Kuanzia mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa. Mitumba ikaingia kwa marobota, na mtu wa kipato cha chini akapata tena nafasi ya kuchagua.

Lakini fundi akapoteza. Nguo ya mtumba huja imeshashonwa. Anayepata kazi leo anapata zaidi ya kupunguza, kubana na kubadilisha zipu, pamoja na sare za shule na vitenge vya harusi.

Ndiyo maana kurudi kwa suruali pana ni habari njema kwake. Anayeitaka iendane na umbo lake, isiyofanana na ya jirani, bado anahitaji mtu wa kumpima. Na fundi mwenye mvi hahitaji kuonyeshwa picha kwenye simu. Alishaishona.

Una picha ya zamani nyumbani? Isome hivi

Nguo zinaweza kukusaidia kukisia picha ilipigwa lini:

- Tai nyembamba, suruali ya kubana, nywele fupi zilizochanwa mstari: huenda ni miaka ya 1960.
- Bugaluu, raizoni, kola ndefu, afro: miaka ya 1970.
- Suti ya Kaunda ya mikono mifupi: miaka ya 1970 hadi 1980, mara nyingi mtumishi wa umma au mtu wa chama.
- Mabega yaliyojazwa, suruali ya mikunjo kiunoni: mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea.

Usitumie kigezo kimoja peke yake, maana wengi walivaa nguo moja miaka kumi.

Picha za studio zinapauka, na nyingine huliwa na mchwa kwenye sanduku la chini ya kitanda. Ipige kwa simu karibu na dirisha, mchana, bila kuwasha taa ya kamera. Kisha muulize bibi au babu: huyu nani, alishona wapi, alikuwa anakwenda wapi siku hiyo? Andika majina nyuma kwa penseli, taratibu.

Fanya hivyo wakati bado yupo wa kuulizwa. Suruali itarudi yenyewe. Majina ya walioivaa hayarudi.