Kuikwepa Baridi Bondeni

Desemba 17, 1804, wapelelezi Lewis na Clark walipima baridi ya nyuzi 43 za selsiasi chini ya sifuri. Walikuwa wamepiga kambi kando ya mto Missouri, katika nchi ambayo leo ni jimbo la North Dakota, Marekani. Jirani zao, Wamandan na Wahidatsa, walikuwa na mahindi ya kutosha hata ya kuuza: mhunzi wa kambi aliwafulia mashoka, wageni wakapata chakula cha kuwavusha mpaka theluji iyeyuke.

Sisi wa nchi za joto hudhani kwamba baridi yenyewe ndiyo muuaji. Hewa ikitulia, aliyevaa vizuri anaweza kuistahimili. Upepo ndio wa kuogopwa, kwa kuwa hupeperusha tabaka jembamba la hewa vuguvugu linaloufunika mwili. Na nguo ikilowa, haina tena uwezo wa kuihifadhi hewa hiyo. Ndiyo maana Wahidatsa walikuwa na makazi mawili. Kiangazi walikaa juu ya kingo zilizoinuka, mbali na mafuriko. Baridi ilipokaribia walishuka bondeni, penye miti ya kuvunja upepo na kuni za karibu. Nyumba zao za mviringo zilijengwa kwa magogo, fito, nyasi na udongo mzito juu yake.

Chakula kilikaa ardhini. Buffalo Bird Woman, mama wa Kihidatsa ambaye maelezo yake ya kilimo yalichapishwa mwaka 1917, alieleza mashimo yenye mdomo mwembamba na tumbo pana, marefu kiasi cha kuhitaji ngazi. Ukuta ulitandikwa nyasi kavu. Mahindi yaliyosukwa pamoja na magunzi yake yalipangwa pembeni, yaliyopukuchuliwa yakajaza nafasi, na vipande vya maboga makavu vikawekwa katikati kabisa, kwa sababu ndivyo vinavyoharibiwa upesi na unyevu. Huo ni utaalamu kamili wa kuhifadhi nafaka, na ninauheshimu sana.

Wawindaji wa nyandani walikuwa na pemikani: nyama ya nyati iliyokaushwa, ikapondwa, ikachanganywa na mafuta yaliyoyeyushwa, mara nyingine na matunda ya porini. Mafuta ndiyo siri yake. Anayekula nyama kavu tupu kwenye baridi kali hudhoofika hata tumbo likiwa limejaa, maana mwili hauwezi kupata nguvu za kutosha kutoka kwenye protini peke yake.

Walowezi walikuja na kikwazo cha sheria. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160, kwa sharti kwamba aishi papo hapo miaka 5. Viwanja vilipimwa kwa mistari iliyonyooka, bila kujali upepo unavuma kutoka wapi. Asiyepata bonde alibaki uwandani, na huko miti haikuwepo. Wakakata ardhi kwa plau, mizizi ya nyasi ikiwa imeshikilia udongo, wakapanga vipande hivyo kama matofali hadi kuta zikakaribia unene wa mita moja. Nyumba hizo zilivuja mvua, lakini zilitunza joto. Jikoni walichoma kinyesi kikavu cha nyati na ng'ombe, au nyasi zilizosokotwa. Baridi ya 1880 hadi 1881 theluji ilizuia treni kwa miezi, na familia za De Smet, Dakota, zikasaga ngano kwa vinu vya kahawa.

Januari 12, 1888, asubuhi ilikuwa ya uvuguvugu na watoto wengi wakaenda shule bila makoti mazito. Dhoruba ikawakuta njiani au darasani. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 235, wengi wao watoto. Katika theluji ya namna hiyo mtu hupotea kati ya nyumba na zizi lake, ndiyo sababu wazoefu walifunga kamba kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Kufikia wakati huo nyati walikuwa wamekwisha kuangamizwa kwa bunduki za wafanyabiashara wa ngozi. Baridi ya 1883 hadi 1884, mamia ya Wablackfeet wa Montana walikufa kwa njaa, wakisubiri mgawo wa serikali usiotosha. Baridi waliijua tangu enzi za mababu. Walinyang'anywa nyati na uhuru wa kuhama, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiwavusha kila mwaka.