Jukwaa la mtandaoni pekee haliundi kikundi cha kujifunza

Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kote nchini kwa sababu ya Covid-19, nilikuwa nikifunza kozi ya tafsiri. Darasa lilikuwa na wanafunzi 60. Kama wahadhiri wengine wengi, nililihamishia darasa hilo kwenye simu. Niliwagawa wanafunzi katika vikundi sita vya WhatsApp, nikakipa kila kikundi matini ya kurasa kumi ya kutafsiri, nikaweka tarehe ya mwisho, kisha nikaketi kusubiri.

Kazi zilikuja kwa wakati. Zilikuwa safi, na kila jalada lilibeba majina kumi. Nilitoa alama za juu, nikajipongeza kimoyomoyo. Miezi kadhaa baadaye tuliporejea darasani na kufanya mtihani, kijana mmoja aliyekuwa amepata alama 26 kwa 30 katika kazi ya kikundi alishindwa kutafsiri aya ya sentensi nne. Nilimwita ofisini kumuuliza kulikoni. Akainamisha kichwa, akasema: "Mwalimu, ukweli nikuambie, mimi nilikuwa tu kwa grupu. Kazi yote alifanya msichana mmoja."

Jibu hilo lilinikera kwanza, halafu likaniaibisha. Msichana huyo alitafsiri kurasa kumi peke yake, kisha akawagawia alama watu tisa. Kijana naye alikaribia kuhitimu bila ujuzi ambao shahada yake ingedai kuwa anao. Na aliyebuni mpango huo ni mimi.

Kiswahili kina neno mwafaka kwa jambo hili: kutegea. Anayetegea hukwepa kazi huku akiwa miongoni mwa wanaoifanya. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya karne moja. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu waliokuwa wakivuta kamba. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913, alionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu aliyotoa kila mmoja ilivyopungua. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na ugumu wa watu wengi kuvuta kwa mpigo mmoja. Wanasaikolojia waliomfuata walibaini kuwa sehemu nyingine ni kutegea kwenyewe, na kwamba tabia hiyo hupungua mtu anapojua kuwa mchango wake unaweza kutambuliwa.

Sasa ebu fikiria kamba hiyo ikivutwa mtandaoni. Darasani mwalimu humwona anayesinzia. Kwenye simu, aliyenyamaza akitafakari na aliyelala fofofo wanafanana. Ndiyo maana ubunifu wa jukwaa la kujifunzia ni suala la kielimu, wala si la mafundi wa kompyuta pekee. Ninaona mambo matatu ya kuzingatiwa.

La kwanza ni kutegemeana. Mnamo 1971, katika mji wa Austin, Texas, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliitwa kusaidia shule ambamo watoto wa asili mbalimbali walikuwa wameanza kusoma pamoja, na uhasama ulikuwa umetanda. Walibuni mbinu ya vipande. Somo hugawanywa, kila mwanakikundi akapewa kipande chake pekee. Kabla ya kurudi kwa wenzake, hukutana na wanafunzi wa vikundi vingine walio na kipande kama chake, wakakichambua pamoja. Kisha hurudi kuwafundisha wenzake, na hakuna anayeweza kulielewa somo zima bila kumsikiliza kila mmoja. Mbinu hii inatekelezeka mtandaoni bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni jukwaa linaloruhusu mwanafunzi mmoja awe katika vikundi viwili, na linalofungua kila kipande kwa mhusika wake.

La pili ni alama ya kila mkono. Jukwaa liweke kumbukumbu ya nani aliandika nini na lini. Wikipedia hufanya hivyo: kila ukurasa una historia inayoonyesha kila badiliko lililofanywa. Moodle, programu iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa mwaka 2002, ina aina ya baraza ambamo mwanafunzi hawezi kuyaona majibu ya wenzake kabla hajaandika lake. Ni kipengele kidogo, lakini kinamzuia mtu kusubiri mwenzake aandike ili yeye aongeze tu, "Naunga mkono."

La tatu, ambalo wapenzi wa lugha tunapaswa kulivalia njuga, ni lugha ya mjadala. Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walianza miaka ya 1980 kubuni programu ya kuwasaidia wanafunzi kujenga maarifa kwa pamoja. Toleo lake la baadaye hujulikana kama Knowledge Forum. Mwanafunzi anapoandika, programu humpa vianzio vya sentensi: nadharia yangu ni hii, ninahitaji kuelewa jambo fulani, nadharia hii haiwezi kueleza jambo fulani. Vianzio hivyo humwelekeza kufikiri badala ya kuitikia.

Nilipoyasoma upya mazungumzo ya vikundi vyangu sita, nilikuta "sawa", "poa", "asanteni" na "nimekubali" kwa mamia. Sikulaumu. Wengi wetu tumelelewa kuamini kwamba kumpinga mwenzio hadharani ni kumvunjia heshima. Jukwaa likitoa vianzio vya Kiswahili kama "Hapa sijaelewa...", "Naona tofauti kwa sababu..." au "Ushahidi uliopo ni...", humpa mwanafunzi ruhusa ya kupinga kwa adabu.

Mwaka uliofuata nilibadilisha mpango. Vikundi vikawa vya watu wanne. Mmoja alishughulikia istilahi, wa pili akaandika rasimu, wa tatu akalinganisha rasimu na matini asilia, wa nne akasoma Kiswahili chake peke yake kama msomaji wa kawaida. Kila wiki walibadilishana majukumu. Mijadala yote ilikuwa ya maandishi, wala si ya video, ili mwenye simu ndogo na data ya kubahatisha achangie wakati wowote apatapo mtandao.

Kikundi kimoja kilizozana kwa siku tatu kuhusu neno moja katika taarifa ya mahakama: mshukiwa au mshtakiwa? Watatu walishikilia mshukiwa. Mwanafunzi wa nne, mkimya ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake darasani, akaandika: "Naona tofauti kwa sababu aya ya pili inasema alisomewa mashtaka. Huyu si wa kushukiwa tena." Mzozo ukaisha hapo. Nina hakika hao wanne hawatalisahau somo hilo.

Sidai kwamba kutegea kuliisha. Wapo walioandikiwa na marafiki, na mimi nilisoma kurasa nyingi kuliko awali. Lakini niliweza kujua ni nani anahitaji msaada kabla ya mtihani kuja kuniumbua.

Mtaala wetu wa umilisi unautaja ushirikiano, sambamba na mawasiliano, kuwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Shule zitaendelea kununua majukwaa, na wauzaji hawatakosa sifa za kuyapamba. Watu wa pwani walikuwa na utaratibu wa kula kikoa: walikubaliana kula pamoja, kila mmoja akiandaa chakula kwa zamu yake. Neno hilohilo sasa limeingia katika istilahi za intaneti, ambako kikoa ni jina linalotambulisha tovuti. Maana yake ya awali ingetufaa zaidi. Katika kikoa, siku ya zamu yako usipopika, wote mnalala njaa.

Basi kabla ya kulipia jukwaa lolote, mwalimu na amuulize mbunifu swali moja tu: mwanafunzi mmoja akinyamaza, kazi ya kikundi itakwama au itaendelea kana kwamba hakuwapo?