Haki Iliyoandikwa Inahitaji Walinzi

Katika mazungumzo yetu ya amani, leo tutazame Ufaransa ya zamani. Watu wake nao waliuana, wakapatana, kisha mapatano yao yakavunjwa. Tuone yalivunjwa namna gani.

Tangu mwaka 1562 Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi ile walipigana vita nane, kwa muda wa miaka 36. Katika mwezi wa nane 1572, mjini Paris na katika miji mingine, maelfu ya Waprotestanti waliuawa, wengine kwa mikono ya majirani wao.

Mwezi wa nne 1598, mfalme Henri IV alitia sahihi mapatano katika mji wa Nantes. Hayakuwaambia watu wapendane tu. Yaliwakataza kuchokozana kwa maneno ya vita vilivyopita. Yaliagiza kwamba mwanafunzi shuleni, mgonjwa hospitalini na maskini anayeomba msaada wasibaguliwe kwa ajili ya dini. Yaliweka mahakama zenye waamuzi wa pande zote mbili, ili mtu asihukumiwe na wapinzani wake peke yao. Tena wajumbe wawili wawili, Mkatoliki na Mprotestanti, walizunguka majimbo kusimamia kazi hiyo.

Lakini haki zile zilikuwa kama zawadi ya mfalme, na mwenye kutoa zawadi aliweza kuinyang'anya. Mjukuu wake, Louis XIV, alizipunguza kidogo kidogo. Mahakama za pande mbili zilifungwa. Kuanzia 1681 askari walitumwa kulala katika nyumba za Waprotestanti, wakala chakula chao na kuwatesa ili waache dini yao. Mwezi wa kumi 1685 mfalme akafuta mapatano yote. Wachungaji walipewa siku 15 waondoke. Waumini walikatazwa kutoka nchini. Hata hivyo, watu karibu 200,000 walikimbilia Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na kwingineko, na ufundi wao wakaenda nao. Waliobaki walingoja mpaka 1787 ili ndoa zao na watoto wao vitambuliwe na serikali.

Wasikilizaji, haki hizo hazikufa siku moja. Kwanza waliondolewa walinzi wake, ndipo karatasi ikachanwa.

Basi ninyi machifu, mukikata kesi ya shamba kati ya aliyekimbia na aliyebaki, kaeni na wazee wa pande zote mbili. Na ninyi jamaa, mukiambiwa kwamba amani imetiwa sahihi na murudi kwenu, ulizeni bila woga: nani atasimamia maneno hayo kijijini kwetu, na tukionewa, tutamwendea nani?

Mulizungumze jambo hili pamoja, wanaume kwa wanawake, wenyeji kwa wageni. Amani iwe nanyi.